Usione Vyaelea: Uhakiki wa Lugha ya Kueleza Umbo la Kirusi cha Batobato ya Mihogo, kwa Mtazamo wa Vurra

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotumika kueleza umbo la kirusi kinachosababisha ugonjwa wa batobato katika mihogo, umbo ambalo limejulikana kwa njia ya hadubini ya elektroni. Tunadai kwamba upungufu uliopo hautokani hasa na uhaba wa istilahi, bali na sentensi yenyewe: kitenzi kinachochaguliwa, ngeli inayotumika, na sitiari inayoachwa bila kuwekewa mipaka. Neno moja, pacha, limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana: nusu mbili za ganda la kirusi kimoja, sehemu mbili za kinasaba, na virusi vya aina mbili katika mmea mmoja. Kwa kurejelea Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, tunaonyesha kuwa mkanganyiko huo humfikia mkulima akiwa na pingili mkononi. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kwa watafiti, wafasiri na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Vurra ni eneo la Walugbara katika Nile ya Magharibi, si mbali na jiji la Arua, na ni mahali pa kuvukia kwenda Aru upande wa Kongo. Kilugbara husemwa pande zote mbili za mpaka. Kiswahili ni lugha ya forodhani, ya sokoni na ya madereva. Muhogo ni chakula cha kila siku, na pingili zake husafiri pamoja na watu: mama humpelekea binti aliyeolewa ng'ambo, jirani humgawia jirani.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri maelezo ya mtaalamu wa magonjwa ya mimea mbele ya wakulima wa eneo hilo. Mtaalamu alikuwa na karatasi yenye picha kubwa ya kirusi cha batobato: mipira miwili iliyoshikana, mmoja umepakwa rangi nyekundu na mwingine buluu. Alieleza kwa Kiingereza, nami nikasema kwa Kiswahili kwamba hivyo ni "virusi mapacha". Mama mmoja aliyeketi mbele akaniuliza: mwalimu, je, ni wawili? Nikamjibu, ndiyo, mama, ni wawili. Akauliza tena kama muhogo wenye madoa machache umeingiwa na mmoja tu kati yao. Sikulielewa vizuri swali lake, na mtaalamu alikuwa ameshaendelea na jambo jingine. Baada ya mkutano nilimkuta akifunga mzigo wa pingili alizozikata kwenye mashina yenye madoa machache, za kumpelekea shemeji yake ng'ambo ya mpaka. Kwa mujibu wa maelezo yangu, hizo zilikuwa na pacha mmoja tu, hivyo hazikuwa na hatari kubwa.

Mantiki yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika sentensi niliyompa. Kirusi kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa kimoja, si viwili, na pingili iliyokatwa kwenye shina lenye ugonjwa hubeba ugonjwa, madoa yawe machache au mengi. Makala haya yanatokana na kosa hilo, ambalo ni langu.

2.0 Kuona na Kuunda

Tuanze na kitenzi. Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu hadubini ya elektroni, sentensi iliyozoeleka ni "wanasayansi wameona kirusi" au "wamekipiga picha". Vitenzi hivi viwili vinamfanya msomaji afikirie jicho au kamera. Ukweli ni mwingine kabisa.

Mwanga unaoonekana kwa macho hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban nanomita 200. Kirusi cha batobato kina urefu wa takriban nanomita 38 na upana wa 22. Vikipangwa milioni moja ncha kwa ncha, vitafikia urefu wa sentimita nne hivi. Kwa hiyo hakuna hadubini ya kawaida iwezayo kukionyesha. Hadubini ya elektroni, iliyoundwa Berlin na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931, ilifungua njia nyingine: badala ya mwanga, hutumia miali ya elektroni. Miongoni mwa virusi vya mwanzo kuonyeshwa nayo kilikuwemo cha mmea, yaani kile cha batobato ya tumbaku, mwaka 1939. Kilionekana kama kijiti cha urefu wa nanomita 300.

Hata hivyo, katika njia iliyotumika kwa miongo mingi, sampuli ilizungushiwa chumvi ya metali nzito. Elektroni zilizuiwa na metali, na kirusi kikabaki kama uwazi mweupe katikati ya giza. Kilichoonyeshwa si kirusi bali nafasi kilimokaa, kama alama ya mguu kwenye tope. Ukiiangalia alama hiyo utajua mguu ulikuwa na vidole vingapi. Hutajua mishipa yake.

Njia iliyofuata ni ya kugandisha. Sampuli hupoozwa ghafla kiasi kwamba maji huwa kama kioo kabla hayajapata nafasi ya kuunda chembe za barafu. Kwa kuwa elektroni huharibu kile zinachokipitia, kipimo chake hupunguzwa sana, na kila picha hutoka hafifu, imejaa ukungu. Ndipo kompyuta hukusanya maelfu ya picha hafifu za virusi vilivyolala kila kimoja upande wake, huzigeuza zielekeane, huzipatia wastani, na kutoka hapo hukokotoa ramani ya pande tatu. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017 kwa kuiendeleza njia hii. Mwaka huohuo Hipp na wenzake walichapisha umbo la kirusi cha batobato ya mihogo cha Afrika katika kiwango kinachokaribia kile cha atomi, wakitumia virusi vilivyokuzwa katika mmea wa jamii ya tumbaku.

Kwa hiyo karatasi niliyoitafsiri Vurra haikuwa picha ya kirusi chochote kilichowahi kuwa katika shamba lolote. Ilikuwa hoja iliyojengwa kutokana na ushahidi mwingi hafifu. Wahenga walishasema: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya pwani inaieleza kazi hiyo kwa usahihi kuliko kitenzi "kuona". Rangi nazo ziliundwa: elektroni hazina nyekundu wala buluu. Nyekundu na buluu ziliwekwa na mchoraji ili nusu mbili zitofautishwe, na ndizo zilizomfanya mama yule aone viumbe wawili.

Kiswahili hakikosi maneno hapa. Uhakiki wa fasihi umetuzoesha kutofautisha picha na taswira: picha hunasa, taswira hujengwa. Ingetosha kuandika chini ya mchoro ule: "Taswira iliyokokotolewa kutokana na maelfu ya virusi, rangi ni za kutofautishia sehemu." Hakuna istilahi mpya hata moja katika sentensi hiyo, na inasema kweli.

3.0 Pacha wa Aina Tatu

Sitiari ya pacha haikuanzia kwetu, lakini ushahidi wake wa awali ulitoka kwetu kwa sehemu kubwa. Huko Muguga, Kenya, mwaka 1974, Bock, Guthrie na Woods walieleza usafishaji wa kirusi cha milia ya mahindi, ambacho vijipande vyake viko viwiliviwili. Mwaka 1977 Harrison na wenzake, Bock na Guthrie wakiwemo, walionyesha kwamba virusi vya namna hii hubeba kinasaba cha uzi mmoja uliofungwa duara. Kundi hilo likapewa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mapacha.

Tatizo linaanza tunapolileta jina hilo katika Kiswahili bila kuuliza ni pacha wa namna gani. Yapo mambo matatu.

La kwanza ni ganda. Ganda la kirusi hiki limejengwa kwa nakala 110 za protini moja, zilizopangwa katika mafungu 22 ya tano tano. Umbo kamili la pande ishirini lingekuwa na mafungu 12. Hapa maumbo mawili yameungana, na kila moja limepoteza fungu moja mahali pa maungio, hivyo yamebaki 11 na 11. Hawa ni mapacha walioungana kwa maana ileile ambayo magazeti yetu huitumia kwa watoto: hakuna nusu inayotembea peke yake. Kirusi ni kimoja.

La pili ni kinasaba. Kirusi cha batobato ya mihogo kina molekuli mbili. Ya kwanza hubeba maelekezo ya kujinakili na ya kutengeneza ganda. Ya pili hubeba maelekezo ya kusafiri ndani ya mmea. Kila molekuli hufungwa katika ganda lake. Kwa hiyo ugonjwa kamili unahitaji angalau vijipande viwili, kila kimoja kikiwa pacha walioungana. Hii si pacha; hii ni jozi, kama kufuli na ufunguo wake.

La tatu ni maambukizi. Mmea mmoja unaweza kuingiwa na virusi vya aina mbili tofauti kwa wakati mmoja, na katika janga lililoikumba Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mimea ya namna hiyo ndiyo iliyoonyesha dalili kali zaidi. Hapa ndipo penye wawili kwa maana ya mama yule. Hawa si pacha wala jozi; ni majirani waliokutana katika nyumba moja, na neno linalofaa ni maambukizi mseto.

Niliposema "virusi mapacha", wingi wa ngeli ulimpa msikilizaji jambo la tatu wakati mchoro ulikuwa wa jambo la kwanza. Matumizi yetu ya ngeli yanaongeza utata. Wapo wanaosema "virusi hii", wapo wanaosema "virusi hivi" hata kwa kimoja, na wapo wanaokwepa "kirusi" kwa sababu linafanana na jina la lugha ya Warusi. Katika mazungumzo ya kawaida hiyo ni tofauti ya mazoea tu. Katika kueleza umbo, ambapo swali lenyewe ni "kimoja au viwili?", tofauti ya ki- na vi- ndiyo maana yenyewe. Tunapendekeza "kirusi pacha" kwa umoja, na "virusi pacha" kwa wingi, neno pacha likibaki bila kiambishi ma- ili lieleze sifa ya kila kimoja na lisihesabu watu.

4.0 Nguo ya Kuazima

Huenda mshauri wa sera akauliza kama haya yanavuka mipaka ya darasa la isimu. Jibu limo katika historia ya janga lenyewe.

Majina ya virusi vya mihogo yamewahi kutangulia ushahidi, na yamewahi pia kubaki nyuma yake. Watafiti walipokitenga kirusi pacha kutoka katika mihogo nchini Kenya, hawakuweza mara moja kuthibitisha kuwa ndicho kinacholeta batobato, hivyo wakakiita kwa tahadhari kirusi fiche cha muhogo. Ilikuwa mwaka 1983 ambapo Bock na Woods walionyesha uhusiano huo, na jina likabadilika. Umbo lilijulikana kabla ya hatia. Jina lile la kwanza lilikuwa la uaminifu: halikusema zaidi ya kilichojulikana.

Jambo zito zaidi lilitokea Uganda. Kwa muda mrefu virusi hivi vilitambuliwa kwa kingamwili, yaani protini za maabara zinazoshika ganda la kirusi na kulitambua kwa umbo lake la nje. Kirusi cha janga la Uganda kilipopimwa hivyo, kilijibu kama kirusi cha batobato cha Afrika, kile cha zamani. Lakini Zhou na wenzake waliposoma kinasaba chake mwaka 1997, walikuta kwamba sehemu kubwa ya molekuli ya kwanza ni ya kirusi cha Afrika Mashariki, isipokuwa sehemu ya kati ya jeni ya protini ya ganda, zaidi ya nusu ya jeni hiyo, ambayo ilitokana na kile cha Afrika. Kwa maneno mengine, mgeni alikuwa amevaa nguo ya mwenyeji, na bawabu aliyefunzwa kutambua nguo akamruhusu apite kwa jina lisilo lake.

Hapa ndipo maarifa ya umbo yanapogusa sera moja kwa moja. Anayejua kwamba kipimo fulani husoma ganda, na kwamba ganda linaweza kuazimwa, atauliza swali sahihi kabla ya kuidhinisha ununuzi wa vipimo vya kukagulia pingili: je, kipimo hiki kinasoma nguo au kinasoma mwili? Anayeambiwa tu kwamba "wanasayansi wamekiona kirusi" hana njia ya kufikia swali hilo. Vilevile ganda ndilo linalohusika katika kupokewa na kubebwa na nzi weupe wanaoeneza ugonjwa, na ndiyo sababu watafiti hulichunguza kwa makini kiasi hicho. Lugha inayoficha namna umbo lilivyojulikana huficha pia mipaka ya kile linachoweza kutuambia.

5.0 Pingamizi

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yetu ni hili: mkulima hahitaji umbo la kirusi. Pingamizi hili lina nguvu, na historia inaliunga mkono. Ugonjwa wa batobato ulielezwa katika eneo ambalo leo ni Tanzania mwaka 1894. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Storey na Nichols walichunguza uenezaji wake katika miaka ya 1930, na kazi ya kuchanganya muhogo na mpira wa Ceara ili kupata ukinzani ilianzia hapo, zaidi ya miaka thelathini kabla ya yeyote kujua kwamba kirusi kina nusu mbili. Ukinzani ulipatikana kwa macho, jembe na subira. Taswira ya mwaka 2017, pamoja na uzuri wake wote, haijampa mkulima wa Vurra pingili hata moja.

Tunalikubali hilo. Lakini pingamizi linadhani kwamba mkulima anaweza kubaki bila maelezo yoyote ya umbo, na hilo halipo tena. Michoro ya virusi imeshafika kwenye mabango na vijitabu. Anayepewa mchoro atautolea maana, na atafanya uamuzi kwa maana hiyo. Mama yule hakuomba kuelezwa ganda la kirusi. Alielezwa, akaelezwa vibaya, naye akatenda kwa busara juu ya msingi mbovu. Zipo njia mbili tu za heshima: kutoonyesha mchoro kabisa, na kusema "ugonjwa huu hukaa ndani ya shina, chagua pingili kwenye shina lisilo na dalili yoyote", au kuonyesha mchoro na kuueleza kwa ukweli. Njia ya tatu, ya kuonyesha mchoro kama pambo la mamlaka ya sayansi, ndiyo tunayoipinga.

6.0 Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Maelezo

Katika Nile ya Magharibi jambo hili lina uzito wa ziada. Kiswahili kilifika huko kwa kiasi kikubwa kupitia askari, tangu enzi za ukoloni, na kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilitangazwa na serikali ya kijeshi. Wazee wengi walikisikia kwanza kikiwa lugha ya kuamrisha. Maelekezo ya kilimo yanapoandikwa kwa vitenzi vya amri tupu, "ng'oa", "choma", "usipande", yanaingia katika sauti ile ya zamani. Mtu huitika mbele ya mwenye amri, kisha hufanya anavyoona nyumbani kwake.

Kiswahili kina namna nyingine: "tung'oe", "tuchague", "mama, tuangalie kwanza jani hili". Dhamira tegemezi inayomjumuisha msemaji humwita msikilizaji ashiriki kuwaza. Lakini haitoshi kubadili kitenzi cha mwisho ikiwa maelezo yanayotangulia hayaeleweki. Atakayeshirikishwa katika uamuzi sharti ashirikishwe katika sababu. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, imekipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo mpaka wa Vurra sasa ni mpaka wa ndani ya Jumuiya. Swali la iwapo Kiswahili kitatumika hapo limeshajibiwa. Lililobaki ni kama kitatumika kuamrisha au kueleza.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yamedai kwamba umbo la kirusi cha batobato linaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa usahihi kamili, kwa maneno ambayo tayari tunayo, iwapo tutaitunza sentensi kama tunavyoitunza istilahi. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, waandishi na wafasiri watenganishe maneno matatu: kirusi pacha kwa ganda, jozi kwa sehemu mbili za kinasaba, na maambukizi mseto kwa aina mbili katika mmea mmoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inafaa kuyazingatia maneno hayo pamoja na suala la ngeli ya kirusi.

Pili, kila mchoro wa kirusi uambatane na sentensi moja inayosema umeundwaje na rangi zake ni za nini.

Tatu, nyaraka za sera kuhusu ukaguzi wa pingili zieleze kipimo kinasoma nini, ganda au kinasaba, badala ya kutaja tu jina la kirusi kinachotafutwa.

Nne, maelezo yoyote yatakayopelekwa Vurra na kwingineko mpakani yajaribiwe kwanza kwa swali, si kwa makofi. Msikilizaji aombwe aeleze kwa lugha yake, Kilugbara au nyingine, alichokielewa na atakachokifanya kesho shambani. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya kanda iliyopo Abi, karibu na Arua, iko mahali pazuri pa kufanya jaribio hilo pamoja na walimu wa lugha.

Mama aliyeniuliza kama ni wawili alikuwa ameshalifanya jaribio hilo bila kuombwa. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko tafsiri yangu, na jibu alilostahili lilikuwa fupi: hapana, mama, ni kimoja chenye nusu mbili, na kimo ndani ya shina hilo unalotaka kukata.